Mkono wa Kulia wa Kidosho

Baba Kidosho,

Nimewahi zamu. Maziwa niliyokamua yako kwenye friji. Ukimvisha mtoto, anza na mkono wa kulia, na usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Mazoezi ya kiwiko umfanyie taratibu. ~~Ukichoka, acha.~~ Hata ukichoka, usiache.

Jana uliniambia namsumbua mtoto bure, na iliniuma. Basi leo alfajiri, wewe ukikoroma, alikuwa ananyonya. Ule mkono uliolegea tangu mishipa yake ya fahamu ivutike wakati wa kuzaliwa ukakunjika wenyewe, ukapanda, ukanikamata pua. Nililia mpaka akanishangaa.

Daktari alisema kiwiko kikikunjika, huenda asipasuliwe. Tukutane kliniki saa nane mchana.

Nilitaka kukuamsha, nikaona bora akuonyeshe mwenyewe. Mwinamie tu.

Mama Kidosho