Wewe Ndani ya Kioo cha Bibi Arusi

Dada Rukia,

Bado napiga hodi ninapofungua studio. Najua hakuna wa kunikaribisha, lakini mdomo umezoea. Kiti chako sijakikalia. Nimekisogeza tu dirishani, maana kilikuwa kinanikodolea macho.

Siku uliyozikwa, wanaume walikwenda makaburini, sisi tukabaki uani na mamako. Mimi Mkamba wa Tononoka, rozari mfukoni, nilikaa mkekani katikati ya shangazi zako na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Kisomo cha hitma kilipokwisha, Mama akanishika mkono. Alitaka jambo moja tu: akuone. Macho yake yanazidi kufifia, na picha yako aliyo nayo ni ile ya kitambulisho, ambayo wewe mwenyewe ulisema umetoka kama mtu aliyekamatwa.

Ungejua nilivyohangaika! Umepiga video arusi za nusu ya Mji wa Kale, na wewe hutokei hata moja. "Mpiga video si wa kuonekana," ulikuwa ukisema, umejifunga buibui lako katikati ya wanawake waliojipamba na kuacha nywele wazi. Na kila kazi tukishaikabidhi kwa bibi arusi, tulifuta yetu. Sherehe ya wanawake ni amana, isije ikaonwa na mwanamume asiyehusika. Basi studio nzima haina hata sekunde moja yako.

Ndipo nikaikumbuka arusi ya Salma. Siku ya kumpamba ulisimama nyuma yake, mbele yenu kuna kioo kikubwa, ukajisahau. Nikamwendea, naye akatoa diski yake kabatini, akakubali Mama apate nakala moja ya kipande hicho. Ulikuwamo, Dada! Pembeni mwa kioo, kamera begani, jasho linakutoka, unasukuma ushungi nyuma kwa mkono wa kushoto. Nililia pale pale sebuleni kwake, chai ikapoa.

Kilichobaki kilikuwa kuibana video iwe faili dogo la kuchezeka kwa Mama, kazi uliyonifundisha wewe. Mtindo mpya wa kubana, H.265, ulikutoa safi na faili jepesi, lakini televisheni ya Mama ni ya zamani. Ilisoma jina la faili, ikagoma. Nikarudi kwa mtindo wa zamani, H.264. Nilipoipa biti nyingi kwa sekunde, yaani data nyingi ya picha, televisheni ikazidiwa, video ikakwamakwama, unainua mkono haufiki. Nilipozipunguza hadi kipimo chetu cha kila siku ikatembea vizuri, ila wewe ukageuka madoa meusi ya mraba. Na kipimo hicho ulikipanga wewe! Ulinieleza kwamba biti ni kama sinia ya pilau, akijaziwa mmoja mwengine anabaki na ukoko. "Weusi haudai kitu," ukasema, "wape asumini na dhahabu." Miaka yote tuliunyima weusi, na sasa weusi ndio wewe. Nilikukasirikia, Dada. Niligombana na kiti chako kama mwendawazimu.

Kesho yake Salma akapiga simu. Amekumbuka kwamba nyumbani kwa Mama kuna kaka zako. Nikadhani anabatilisha ruhusa.

"Nifinike mimi," akasema. "Yeye mwate."

Nikakuacha wewe kama ulivyo, yeye nikamfunika kwa ukungu: nywele, mabega, dhahabu yote. Nikabana tena kwa kipimo kile kile ambacho televisheni inakiweza. Sikutarajia kitu. Lakini ukungu hauli biti, na zote zilizokuwa zikienda kwenye dhahabu zikaja kwako. Buibui likawa buibui, na uso ukawa uso wako. Salma alikuachia sinia nzima bila kujua.

Nilipomwashia, Mama alivuta kiti mpaka goti likagusa televisheni. Mara ya kwanza alitazama hadi mwisho. Ya pili akaweka kidole juu ya shavu lako.

"Ndiye," akasema. "Na hapo hajala bado."

Kweli hukuwa umekula. Hukutia kitu mdomoni mpaka kamera izimwe, kisha tukae ngazini na pilau yetu tuliyowekewa, wewe upande wa ukutani kwa sababu ya mgongo. Ni mama gani huyu, anayeona njaa ya mwanawe kwenye kioo cha watu? Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Ruhusa ilikuwa ya nakala moja, na hiyo iko kwa Mama. Lakini nyingine ilibaki kwenye kompyuta yetu. Nilitaka kuiweka, sikufichi. Nilijiambia bibi arusi amefunikwa, kuna ubaya gani, na mimi pia nimefiwa. Nikakaa nayo siku kadhaa, nikiifungua kila nikimaliza kazi. Leo asubuhi nimekutazama ukisukuma ushungi, halafu nikakufuta, kama ulivyonifundisha.

Lala salama, Dada yangu. Nakuahidi, maadamu ufunguo wa studio niko nao, arusi za watu zitabaki mikononi mwa wenyewe. Jumamosi nina kazi Kibokoni. Nikishazima kamera nitakula ngazini, na upande wa ukutani nitakuachia.

Mwikali wako