Makofi ya Pole

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na kile kifua kilichokuwa kinakukwaruza asubuhi kimekuachia upumue. Wajukuu hawajambo? Yule wa mwisho ameshaacha kutafuna chaki? Mimi mwili hauna neno: nakula, nalala, naenda kazini. Kinachonisumbua ni ukaidi tu, na huo uliugundua mwenyewe nikiwa mtoto, ukasema hauna dawa.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi ulipopiga ulisema yako yote, na nilipofungua kinywa ukakata. Sikulaumu sana. Wewe ndiye uliyenilea baba na mama walipotutoka, na mtu aliyekufunga kamba za viatu hazoei upesi kwamba umekua. Lakini barua ina uzuri wake, haikatiki katikati. Basi kaa, vaa miwani, unisome mpaka chini.

Ulisema nimeiaibisha familia. Ulisema mama mzima hapandi jukwaani na gitaa, tena mwenye mkono ulioungua, akajionyesha mbele za watu ili wamwonee huruma. Hilo la huruma ndilo lililonichoma. Mengine niliyameza, hilo limenikwama kooni mpaka leo, na ndiyo maana nataka nikueleze mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu aliyekusimulia, binamu yetu wa duka la vioo, alikuja mwishoni akaondoka kabla mambo hayajaisha.

Siku ile mashine ya kunyoosha mashuka iliponivuta mkono wa kushoto pale kwenye ufuaji wa hospitali, ulikuja, ukaona bandeji, ukalia ukidhani nimelala. Yaliyofuata hukuyaona. Bandeji zilipotoka, gumba na vidole viwili vya jirani yake vilikuwa vinajikunja kidogo, kwa kujivuta. Viwili vya mwisho vilikuwa vimekakamaa kama vijiti. Walinihamisha kutoka kwenye mashine wakaniweka dirishani, pale nguo chafu zinapopokelewa. Na hapo ndipo pole zilipoanza. Pole asubuhi, pole mchana, pole wakati wa kuondoka. Nikiinua kikapu, watu watatu wanarukia kunipokonya. Nikikosea kuhesabu foronya, msimamizi, ambaye zamani alikuwa akinifokea hadi mashuka yanakauka yenyewe, ananiambia haidhuru, mama, pumzika. Haidhuru! Kaka, mtu akishaacha kukugombeza ujue ameshakufuta. Pole zao zilinichosha kuliko maumivu.

Basi siku moja nikatumwa kwa fundi makochi, mtaa wa nyuma, kupeleka kitambaa kinene cha ubao wa pasi kishonwe upya. Fundi huyo mtaa mzima humwita Mzee Sponji, kwa sababu ya kazi yake, maana kwa tabia hana ulaini wowote. Nilipokaribia mlango nikasikia sauti. Sijui nikuelezeje. Wewe umeendesha treni miaka yote, unajua ule wito wa honi unaosikika kutoka mbali ukipanda, halafu unashuka taratibu kama mtu anayekataa kusema kwaheri? Ilikuwa hivyo, ila ndani yake mna wimbo.

Nikamkuta amekaa katikati ya springi na fremu tupu za viti vya watu, amelaza kitu mapajani kama anapakata mtoto. Ubao mwembamba wenye nyuzi. Mkono wa kulia amevaa vikucha vya chuma, anachezesha nyuzi. Mkono wa kushoto ameshika kipande kizito cha chuma laini, anakitelezesha juu ya nyuzi hizo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni gitaa la mapajani, na kama nimeleta kazi niiweke pale, kama nimekuja kushangaa nishangae kimyakimya.

Nilimwuliza mbona habonyezi nyuzi. Akajibu kwamba hili halibonyezwi. Chuma ndicho kinachobonyeza, mkono unakiongoza tu. Kaka, nilitazama mkono wangu. Nikamwambia anipe nijaribu.

Akautazama na yeye. Nikangojea pole. Akasema hivi, na maneno yake nakuandikia kama yalivyotoka: “Nyuzi sita hizo. Ukikata hata mmoja unaleta mwingine.”

Hapo hapo nikajua nimempata mwalimu.

Usidhani mambo yaliteremka kama maji. Ni kweli mkono ulikubali kushika chuma: vile vidole vitatu vinavyojikunja nusu vilikishika, na viwili vilivyokakamaa vikalala nyuma yake juu ya nyuzi, mahali ambapo Mzee Sponji anasema vinatakiwa kulala ili kuzima mlio mchafu. Nilifurahi nikadhani Mungu ameninyooshea njia. Mzee Sponji akaniambia nisijidanganye, mkono wangu si kitu, tatizo langu liko masikioni. Na alisema kweli! Kwenye gitaa hili mistari imechorwa tu, haina vyuma vilivyoinuka kama vya gitaa la kawaida. Chuma kikikaa nyuma ya mstari kidogo, uzi unalia kama mlango. Kikizidi mbele, unalia kama mtu aliyekanyagwa. Kinatakiwa kikae juu ya mstari wenyewe, na ukiinama kuutazama, macho yanakudanganya kwa sababu unautazama kwa pembeni. Lazima usikie. Wewe na treni yako mlikuwa na reli, kaka. Mimi kila noti naitafuta gizani na kuikosa mbele ya watu.

Nilikuwa nakwenda kila nikitoka kazini. Yeye akipigilia kitambaa kwenye fremu, misumari midogo ameibana midomoni, mimi nimekaa kwenye kigoda pembeni narudia wimbo ule ule. Nikiteleza ananguruma kupitia kwenye misumari. Nikapata kujua milio yake yote: mguno mfupi ni kwamba nimeshuka, mrefu ni kwamba nimepanda, na akiitema misumari kiganjani ni kwamba nimemkera na sasa anataka kusema kwa maneno. Aliitema mara nyingi. Aliniambia ninavuta chuma kana kwamba nasukuma pasi. Aliniambia nisitetemeshe mkono kuficha noti niliyoikosa, kwanza niipate, ndipo niitetemeshe. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, nimekasirika, nina hamu ya kesho. Tangu ajali, hakuna mtu aliyekuwa amenikasirisha namna hiyo. Nilijiona mtu tena.

Aliponiazima gitaa nije nalo nyumbani, jirani yangu wa ukuta mmoja, yule muuza mitumba, alikuja mlangoni na uso wa msiba. Akanikumbatia, akaniambia machozi ni dawa, nilie tu nisijizuie. Nilipomwonyesha kilichokuwa kinalia alikasirika vibaya, akasema nimempotezea huruma yake bure. Siku hizi anagonga ukuta nikikosea. Naye namshukuru.

Sasa tuje kwenye hiyo aibu. Msimamizi wetu alikuwa anastaafu, tukamfanyia sherehe kwenye ukumbi wa kulia chakula wa wafanyakazi. Nikaomba nipige wimbo mmoja. Waliniangalia kwa macho yale ya upole, wakasema bila shaka, mama, vizuri sana. Nikapanda kijukwaa cha mbele, nikakaa, nikalaza gitaa, nikaliunganisha na spika, nikavaa vikucha. Noti ya kwanza niliikosa. Ya pili nikaipata. Ya tatu chuma kikaniponyoka kikagonga ubao, na spika ikapiga kelele ukumbi mzima ukaziba masikio. Nikaacha kupiga. Na hapo, kaka, wakaanza kupiga makofi. Si makofi ya furaha. Ni yale anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi lake. Msimamizi mwenyewe akainuka, akaja kunishika bega, akasema jamani tumpongeze amejitahidi, sasa apumzike.

Hapo ndipo binamu, niliyemwalika mwenyewe akachelewa, alipoondoka, akakupigia simu.

Kama angengoja angesikia nilivyosema. Nilimwambia msimamizi aketi. Nikawaambia wote: “Sijamaliza. Msinipigie makofi ya pole. Nikimaliza, mkiona ni vibaya, zomeeni.” Nikaokota chuma, nikakipangusa kwenye gauni, nikaanza tena mwanzo. Nilikosea, ndiyo. Ubeti wa tatu nilishuka, nikajisikia nashuka, nikapanda palepale bila kuficha. Lakini niliufikisha wimbo mwisho wake, na sauti ile ya mwisho niliiachia ijifie yenyewe, na hakuna aliyekohoa.

Makofi hayakuja haraka. Kwanza mwendesha boila wetu wa pale kazini, mtu asiyesalimia mtu, akasema kwa sauti kutoka nyuma kwamba ubeti wa tatu ulikuwa mbovu. Watu wakamgeukia kwa hasira. Mimi nilicheka hadi nikashika meza. Nikamwambia najua, nitaurekebisha. Na kesho yake msimamizi, siku yake ya mwisho kazini, alikuja dirishani, akakuta nimechanganya foronya na mashuka, akanifokea. Kaka, sijawahi kupewa zawadi kama ile.

Kwa hiyo unaposema nilipanda pale kutafuta huruma, umegeuza nguo nje ndani. Nilipanda kuikataa.

Na hapa nakujibu la pili, lile la chumba. Najua umekisafisha, umetoa maboksi, umeweka pazia, na umeshawaambia watoto kwamba shangazi anakuja kukaa nao mwisho wa mwezi kwa kuwa kazi imemshinda. Nakushukuru kwa pazia. Siji. Nitakuja kama mgeni, nile, nikae, tugombane, kisha nirudi kwangu. Kazi haijanishinda, na mwezi ujao naanza kupiga na Mzee Sponji na wenzake wawili pale wanapopigia kila Jumamosi mchana. Sijaombwa kwa hisani. Walinijaribu, wakanikataa, nikarudi, wakanikubali.

Umenisoma mpaka hapa? Basi kunywa maji, maana bado moja, na ni zito kuliko yote.

Ulimtuma wifi aje kunishawishi nirudi nyumbani. Alikuja na gunia la kufungia vitu vyangu. Akakaa kitandani, akatoa maneno yako yote kama ulivyompa, bila kuacha hata moja. Alipomaliza akaniuliza kama anaweza kusikia hicho kitu. Nikampigia. Akaniuliza kama anaweza kukishika.

Kaka, tangu siku ile, kila alipokuaga kwamba anakuja kunibembeleza, na kila aliporudi akakuambia nimeanza kulegea, alikuwa amekaa kwa Mzee Sponji mapaja yamebeba gitaa. Mkeo anajifunza. Tena ana sikio kunishinda, jambo linaloniuma na ninaloliandika kwa shida. Mzee Sponji hamgunii hata nusu ya anavyonigunia. Amemtengenezea gitaa lake mwenyewe kwa mbao za kochi lililovunjika.

Usimhukumu haraka kuwa amekudanganya. Amekaa hapa pembeni yangu ninapoandika. Ndiye aliyeniomba niandike, kwa kuwa anasema akianza kukueleza kwa mdomo utatoka uende uani kuangalia maua kabla hajafika katikati, kama ulivyofanya alipotaka kwenda kwaya, na alipotaka kujifunza kuendesha gari. Ameniambia nikuulize ulidhani hayo matakwa yalikwenda wapi. Nilikuwa nimekuandikia maneno mawili makali hapa, ameyafuta. Anakupenda. Hana mpango wa kuondoka kwako. Ila gitaa nalo haliondoki, na kwa kuficha amechoka.

Keshokutwa tunakuja wote wawili. Tutakupigia wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, na tutakosea. Hatukuombi ruhusa. Tunakuomba ukae. Ukitaka kuzomea, zomea, wewe ni mwenye nyumba. Lakini ukitoka katikati tutaanza upya, na tutaanza upya kila ukitoka, na unanijua.

Nisalimie wajukuu wote, uwaambie bibi yao anakuja na kelele. Wasalimie na majirani wa upande wa kisimani, na ujisalimie mwenyewe kwa niaba yangu, pale kwenye kioo, kabla hujanuna.

Ni mimi mdogo wako, asiyekusahau wala kukutii,

Chiriku

Baba watoto, haya ni ya mkono wangu. Makochi yetu yote yana mikono, na gitaa hili halipigiki kwenye kiti chenye mikono. Tafuta viti visivyo na mikono, viwe viwili, vigumu, visiyumbe. Ukikosa tutakaa juu ya meza yako ya kulia.

Mkeo