Mikanda Inaharibu Picha

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshushwa. Si mlingotini tu, hata kazini. Asubuhi nilikuwa mkufunzi wa usalama wa meli yetu ya matanga. Kufikia saa ya chai nilikuwa mtu wa boti ya mpira.

Chanzo: picha! Jumapili ni gwaride la meli za matanga. Kila meli itaingia bandarini na mabaharia wake wamesimama juu ya foramali, zile boriti zinazokatisha mlingoti, mikono wameinyoosha. Mpiga picha wa kamati alikuja kututazama mazoezini. Akaangalia juu, akakunja uso. Mikanda ya usalama ina rangi ya machungwa. Eti tunafanana na wafungwa walioanikwa wakauke.

Watu walicheka. Mimi pia, kidogo. Kisha Mjomba, ambaye ndiye nahodha, akasema basi, siku ya gwaride hakuna mikanda. Babu zetu walipanda bila mikanda.

Nikasema: na wengine walishuka bila ngazi.

Kicheko kikakatika. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, akaniuliza kama chuoni walinifundisha bahari au walinifundisha kuiogopa. Nikasema sipandi bila mkanda, wala hapandi mtu. Mjomba hakupaza sauti. "Shuka, Msomi. Boti ya uokoaji haina mtu."

Nikashuka. Kamba nilizikamata kwa nguvu, kwa hasira. Wao wameona woga.

Jumanne, 4 Machi

Nafasi yangu kileleni kapewa mdogo wangu. Kidagaa! Alizaliwa mdogo mno, jina likamganda. Sasa atasimama mwisho kabisa wa foramali ya juu, ambako chini yake si sitaha tena, ni maji.

Mama amempakulia mara mbili. Nikasema pale mezani kwamba watapanda bila mikanda. Kidagaa akajibu na chakula mdomoni: Dada, nyumba moja haiwezi kuwa na waoga wawili, tutabanana.

Mama akacheka hadi akafuta macho. Halafu akaniambia Mjomba hawezi kumweka mtoto wa dada yake mahali pabaya. Na tena, kwa mwoga huenda kicheko.

Kicheko kimeshafika, Mama. Umekikaribisha mwenyewe. Lakini methali ina nusu ya pili — kwa shujaa huenda kilio. Hiyo hukuisema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata njia. Kamba nyeupe ya kukwea miamba, nyembamba, ngumu. Inazunguka kiuno na mapaja chini ya sare, inatokea mgongoni, mwisho wake kulabu ndogo. Kule juu, nyuma ya foramali, kuna fimbo ya chuma ya kushikia. Anapachika kulabu, basi. Gatini hakuna jicho litakaloiona.

Niliijaribu kwenye boriti ya ukumbini. Mama akaingia, akanikuta nimening'inia kama popo. Akauliza kama hiki ndicho nilichosomea. Nikasema ndiyo, Mama. Ndicho hasa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimpa Kidagaa ile kamba chumbani. Aliishika kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine.

"Unanionea wivu," alisema. Nikasema ninamwonea huruma. Akasema afadhali wivu.

Kisha akaketi kitandani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sema kweli, Dada. Nikianguka utalia, au utasema, si niliwaambia?"

Nilichelewa kujibu. Si sana. Pumzi moja tu. Lakini aliiona, na mimi nikajua ameiona. Pale kileleni palikuwa pangu. Nilipapenda kuliko ninavyowapenda watu wengi. Je, nimewahi kuiona kichwani picha ya ajali — sitaha, watu wamekusanyika, Mjomba ananitazama mimi kwanza? Nimewahi. Mungu anisamehe. Lakini sikumwona Kidagaa ndani yake. Naapa sikumwona.

"Haya, nitavaa," akasema. Akaikunja kamba vizuri, mizunguko midogo na fundo katikati, kama nilivyomfundisha akiwa bado shule.

Jumamosi, 8 Machi

Utabiri: upepo wa ghafla kesho alasiri, utageuka. Nilimpelekea Mjomba. Alikuwa anajaribu kofia mbele ya kioo. Akasema wageni wameshaalikwa. Nikasema upepo nao unakuja, ijapokuwa haukualikwa.

Akanigeukia, akaamuru. Kesho boti yangu ikae nyuma ya ukuta wa mawe unaokinga bandari. Ni mbaya kwa sura, isitokee pichani.

Kidagaa hajazungumza nami tangu jana. Sare yake imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Nimeigusa mkono.

Jumapili, 9 Machi

Ndani ya boti. Naandika kwa sababu mikono haina kazi. Dereva wa boti anakula mkate, ameegemea usukani. Anasema katika tukio lote hili tutaona matako ya meli tu.

Lakini naona vizuri. Meli mbili zimeshapita, upepo bado mzuri. Yetu ni ya tatu.

Nimefungua mfuko wa huduma ya kwanza kutafuta darubini. Juu kabisa, juu ya bandeji: kamba nyeupe. Mizunguko midogo, fundo katikati.

Aliiweka asubuhi. Alijua nitaufungua mfuko huu.

Wanapanda. Sare nyeupe, nyembamba. Mmoja yuko mbele ya wote, anapanda haraka kama mtu anayekimbia kitu. Ni yeye. Ndiyo mwendo wake.

Upepo umekata. Kimya. Sipendi kimya hiki. Maji kule nje ya lango la bandari yamekuwa meusi, na weusi unasogea.

Nimemwambia Dereva tutoke. Hatujaitwa, anasema. Redioni ni muziki tu na mtangazaji.

Kidagaa amefika mwisho wa foramali. Ameachia mkono mmoja. Gatini wanapiga makofi, yanafika hadi huku. Sasa wa pili.

Tanga la mbele limepigwa na upepo upande usio wake. Meli yote imeinama, polepole, na bado wanapiga makofi —

Nimemsukuma Dereva. Mkate umeanguka majini. Injini nimeiwasha mwenyewe.

Dereva ananishika mkono. "Dada, utaharibu picha."