Tuliachana kwa Ajili ya Kombe

Plover, Texas
Desemba

Kwako Dada Arlene,

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, na lile goti jipya ulilowekewa limeanza kukutii kuliko la zamani lilivyokutii. Shemeji Floyd mpe pole ya mafua. Huku tunapumua. Baridi imeingia, ng'ombe wananenepa, mimi nakonda, kwa hiyo ukijumlisha uzito wote shamba halijapata hasara.

Najua umeona gazetini. Ni kweli, shule ya Kessler ndiyo bingwa wa futiboli ya Kimarekani jimbo zima, na yule kijana aliyebebwa mabegani, helmeti mkononi, mdomo wazi kama kinda, ni mwanangu Brody. Mpira wa mwisho aliurusha huku majitu mawili yakimning'inia kiunoni, ukaenda kutua kifuani mwa mwenzake kama mtoto mchanga. Watu wazima walilia. Muuza mbolea mmoja alinikumbatia bila kunijua.

Ila kuna jambo hukuniuliza, kwa heshima yako: mtoto wa Plover alifikaje kuichezea Kessler? Sheria zetu unazijua. Mtoto huchezea mji wanakoishi wazazi wake, na familia moja haina nyumba mbili, labda wazazi wawe wameachana. Hapa Plover hakuna chuo kinachotuma mtu wa kutafuta wachezaji aje kututazama tukifungwa. Kwa hiyo ile habari iliyokufikia mwezi wa nane, kwamba Janelle amenikimbia na mtoto, wakahamia Kessler, tuliitunga wenyewe mezani, tukila mahindi. Wazo lilikuwa langu. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Tukakubaliana: msimu ukiisha, anarudi nyumbani.

Tuligombana hadharani, mbele ya duka la vyakula. Nilimwambia anitukane kidogo tu. Akanirushia tikiti maji zima. Mji wote ukaamini. Kina mama wa kanisa wakaanza kuniletea mabakuli ya kuku na tambi, wakichungulia jikoni kuona kama vyombo vimeoshwa. Kule kwenye ghala la nafaka mzee Gus Hruska akaniweka kitako: "Sikiliza, bwana mdogo. Mwanamke akiondoka na friji, huyo kashapata kwingine. Akiacha friji, kakasirika tu. Friji ipo?" Nikasema ipo. "Basi oga, usubiri." Mmoja akadakia kwamba friji nayo ingekuwa na miguu ingeshanikimbia. Nilicheka nao kwa moyo mweupe, maana nilikuwa najua wasilolijua.

Kwenye mechi za Kessler nilikaa upande wa wapinzani, kama mume asiyetakiwa. Mwanangu akipata pointi, nasonya pamoja nao. Mwanzoni Janelle alikuwa anakuja Jumapili kwa njia ya nyuma, kajifunika kofia ya mtu wa shamba, tunacheka kama watoto waliotoroka shule. Mwezi wa kumi akasema gari lake linajulikana. Mwezi wa kumi na moja akasema ana mafua. Nami nikasema moyoni, mwanamke huyu anaigiza vizuri kuliko mimi.

Siku ya fainali nilimfuata kwenye maegesho, nyuma ya basi la timu, tarumbeta bado zinalia. Nikamwambia nimebadilisha mashuka, nimepiga deki, Jumamosi naja na lori kuchukua vitu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyegongwa. "Verlon," akasema, "mimi sirudi." Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema hakuna mtu. Akasema siku alipoanza kuigiza kwamba ameniacha, ndipo alipopumzika kuigiza mengine yote, na hayo mengine alikuwa ameyaigiza miaka mingi. Kisha akanikumbusha, kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga mkanda wa gari, kwamba nikipiga kelele kuwa ilikuwa geresha, kamati ya michezo itasikia, kombe litachukuliwa, na chuo kitamfutia Brody nafasi. Unaona mtego ulivyo safi, dada? Niliujenga mwenyewe, nikaingia, nikafunga mlango kwa ndani.

Jana Brody alikuja, medali juu ya jaketi, gari limejaa mabegi yake. Mchezo wetu aliujua tangu mwanzo, na yeye alikuwa anasubiri uishe. Akaniuliza, "Baba, mbona mama hafungi vitu?" Halafu sauti ikamshuka. "Ni kwa sababu yangu?"

Hapo ndipo ninapokuja na ombi. Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba mimi na mama yake tulikwishaachana mioyoni zamani, kabla hata ya mawazo ya kombe, na kwamba ile hadithi ya kuigiza tulimtungia yeye, asiumie katikati ya msimu. Ni uongo, dada, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mimi nilikuwa mtu mwenye furaha. Ulikuja kila Krismasi, uliniona. Akikupigia simu, mwambie ulijua, kwamba nilikueleza siku nyingi. Usiongeze chumvi, wala usilie; mtoto yule anasikia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Nilikuwa na majibu hata ya yale ambayo asingeyafikiria. Hakuuliza hata moja. Aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Nilikuwa nahisi," akaniacha mlangoni, akaondoka na mabegi yake.

Aliniamini upesi mno, Arlene. Tangu jana najiuliza mtoto huyu alikuwa anaona nini ndani ya nyumba hii, mimi nikiwa pale mezani nachekesha watu. Kama na wewe ulikuwa unaona, naomba usinijibu.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Waambie tumechukua ubingwa.

Ni mimi mdogo wako,
Verlon