Ujumbe wa Mama kwa Mtu wa Korea

Jumatatu, 3 Machi
Vyombo nimeosha. Aljebra nimemaliza. Mvua Louisville nzima.
Mwalimu wa historia ametugawia nchi za baraza la mfano la mataifa. Ni Jumamosi, Columbus. Wanafunzi wa shule nyingi, kila mmoja akisemea nchi yake, hoja moja: kuzuia silaha za nyuklia za Korea Kaskazini. Nilitaka Norwe. Nimepewa Korea Kaskazini yenyewe.
Nyumbani wanajua safari tu, nchi sijasema. Kaka Eliya ni mwanajeshi wa Marekani. Kambi yake iko Korea Kusini, karibu na mpaka.

Jumatano, 5 Machi
Wamerusha kombora tena. Limeangukia baharini. Mataifa yanataka kuongeza vikwazo. Eliya hajapiga simu tangu Jumapili. Mama amefunga, hatakula mpaka asikie sauti yake.
Naogopa.
Jioni Shangazi alituongoza kusali kwa simu kutoka Buffalo, kama kawaida. "Bwana, mtangulie binti yetu Aline huko Columbus, akaongee na wakubwa wa dunia." Nikafumbua macho. Mama akaitikia amina.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza Mama kwamba ni wanafunzi tu, tunafanya mazoezi. Aliendelea kunipigia sketi pasi.
"Sawa. Lakini mtu wa Korea atakuwepo?"
"Atakuwepo."
"Basi mwambie mwanangu yuko pale. Muulize kama na yeye ana mama."
Nilishindwa kusema kwamba mtu huyo ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Columbus. Asubuhi nilikataa kila kitu, kama nilivyojiandaa. Wakaguzi wa nyuklia, hapana. Kuzima mitambo, hapana, mpaka vikwazo viondolewe. Mvulana aliyeiwakilisha Ufaransa akanitania, "Korea, hata chakula cha mchana unakikataa?" Kweli sikuwa nimekula.
Kadiri walivyonikunjia uso, ndivyo ilivyokuwa rahisi kukataa. Hilo lilinitisha kuliko kombora.
Mchana nikakumbuka swali la Mama, nikasimama. Nikasema wakaguzi waje, waanze na kituo kimoja, na dawa ziruhusiwe kuingia. Azimio likapita.
Kwenye basi Mwalimu alisema nimezungumza vizuri, ila nchi yangu isingekubali kamwe, ndiyo maana nimekosa tuzo. Ni kweli. Sijutii.
Kabla ya kufika Cincinnati simu za wenzangu zikaanza kulia. Mazungumzo ya kweli na Korea Kaskazini yamevunjika. Wakaguzi wamekataliwa. Hakuna aliyenitania tena.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Mama alisimama na kwaya. Hakuimba. Eliya bado kimya.
Tuliporudi akaniuliza kama ujumbe ulifika.
"Ulifika."
"Akasemaje?"
"Alikubali wakaguzi waje."
"Na mama anaye?"
"Anaye."
"Kumbe anasikia," Mama akasema.
Kisha akapakua wali na maharage, sahani yake akaifunika mpaka Eliya apige. Simu iko kando yake, mlio umeongezwa mpaka mwisho. Nimekaa naye.