Taa inayoua vijidudu kwenye miwani ya wageni

Batma Eje, dada yetu mkubwa wa ukurasa wa ushauri, salamu nyingi kutoka Naryn,

Mimi ni msichana wa darasa la kumi, naomba uninusuru kabla mambo hayajafika pabaya zaidi, na tafadhali usiandike majina yetu ya kweli, kwa sababu mama yangu hulisoma gazeti hili kila linapotoka na huanzia kwako.

Shida yangu ni taa. Najua wenzangu wanakuandikia habari za wachumba, na mimi ningefurahi kuwa na shida ya aina hiyo, lakini yangu ni taa.

Mwaka huu shule yetu ilipewa taa ya mionzi ya urujuanimno, ile ambayo sote tunaiita kvarts, kama zile zilizokuwa zikiwashwa chekechea tukitolewa nje. Ni ya kuua vijidudu kwenye vifaa tunavyotumia kwa zamu, hasa miwani ya maabara ya kemia, maana miwani ni michache na madarasa ni mengi, na ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa unatembea darasa hadi darasa kama jamaa anayejua kila nyumba chai iko tayari. Mwalimu wetu wa fizikia, Dooronbek, ambaye tunamwita Agay kama kila mwalimu wa kiume, ndiye aliyeipatia taa makazi. Alileta kutoka nyumbani kwake kabati la vioo ambalo marehemu mama yake alikuwa akiwekea vikombe vizuri, milango ya kioo, rafu za kioo, akaifunga taa ndani kwa juu, kisha akaipanga miwani rafu kwa rafu. Kwenye rafu ya juu kabisa aliweka miwani mipya ambayo hakuna mtu amewahi kuivaa, kwa sababu hiyo ni ya wageni, na kitu cha mgeni hakikai chini. Miwani yetu sisi, tunayoivaa kila siku, ikakaa rafu za chini.

Siku ya kuizindua alituita wote.

"Sogeeni, sogeeni, mbona mnajikunyata kama kondoo wa mnadani? Taa hii ukiitazama hivi hivi inakuchoma macho. Lakini kioo kinaizuia. Ndiyo maana nimechagua kioo! Mnaiona ikichapa kazi, na haiwadhuru hata kidogo."

"Agay, wewe ni chuo kikuu kizima," alisema Emilbek, ambaye husema hivyo kwa kila mwalimu kabla ya mtihani, na Agay akacheka mpaka akavua kofia.

Mimi nilikuwa nyuma, kama kawaida yangu, na hapo hapo likanijia wazo ambalo sikulitaka hata kidogo, kwamba kama kioo kinayaokoa macho yetu basi kinaviokoa na vijidudu pia. Taa iko juu, rafu ni za kioo, kwa hiyo mionzi inafika kwenye miwani ya wageni na safari yake inaishia hapo. Nilikwenda kusoma ensaiklopidia ya maktaba, halafu kitabu cha binamu yangu anayesomea udaktari, nikiomba niwe nimekosea, na sikuwa nimekosea. Katika shule nzima, miwani iliyo safi kabisa ni ile isiyovaliwa na mtu.

Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Dooronbek Agay ndiye anayeniazima vitabu vyake mwenyewe, na hanilazimishi kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na tangu taa ije amekuwa akitembea kama mtu aliyeoza binti yake kwenye ukoo mzuri. Tena darasa zima linampenda kuliko zamani, kwa sababu siku taa ilipowashwa ndiyo siku zamu ya kuosha miwani kwa sabuni ilipofutwa.

Kisha Kanyshay, ninayekaa naye dawati moja, akaja shuleni macho yamevimba.

"Asubuhi hayafunguki," aliniambia. "Mama ananipaka chai ya baridi ndiyo kope ziachane. Sijui nimeyatoa wapi."

Mimi nilijua ameyatoa wapi, Batma Eje, na nilikuwa nimejua kwa wiki kadhaa, na nilinyamaza. Basi nikaanza kufanya jambo ambalo nililiona la busara. Mimi ni msimamizi wa usafi wa darasa, yule anayekagua kucha na leso, kwa hiyo nikionekana na kitambaa hakuna anayeshangaa. Nikawa nawahi maabara kabla ya wengine, naifuta miwani yote ya chini kwa vodka ya babu yangu, ambayo yeye mwenyewe haigusi, huiweka sandukuni kwa ajili ya wageni, na mimi naimimina kidogo kidogo kwenye kichupa cha manukato kilichokwisha. Macho mekundu yakapungua. Nilifurahi sana, mpaka Agay alipoingia darasani akipiga makofi.

"Mnaona? Mnaona? Kvarts haina mchezo!"

Akawaandikia wakubwa wa elimu wa mkoa. Sasa tume inakuja wiki ijayo kulitazama kabati, ikilipenda kila shule ya mkoa itatengeneza la namna ile ile, na rafu zake za kioo.

Ningeweza labda kuvumilia hata hilo, lakini Zuurakan Eje, mwalimu wetu wa fasihi, alinipita kwenye korido, akarudi nyuma hatua chache, akanusa.

"Wewe. Njoo hapa. Toa pumzi."

Nikatoa pumzi.

"Mdomo msafi. Lakini mikono inanuka arusi nzima."

"Ni dawa, Eje."

"Dawa gani, binti yangu? Dawa hiyo mume wangu ameinywa maisha yake yote na hajapona."

Kufikia saa ya chakula shule yote ilikuwa inajua. Emilbek alinipisha mlangoni kwa heshima kubwa, akatangaza, "Pisheni, pisheni, msimamizi wa usafi anakwenda kusafisha utumbo!" na watu wakacheka, hata Kanyshay alicheka kidogo halafu akainama. Mama ameitwa shuleni. Jana alikuwa anakaanga maandazi ya boorsok ya kuwapelekea walimu, mikono yake yote unga, hakunitazama.

"Ulipokuwa unajifungia na vitabu nilijisifu kwa majirani," alisema. "Nilisema wangu hana makuu, wangu anasoma. Kumbe. Niambie tu ni nani aliyekufundisha."

Jibu lolote ambalo ningelitoa lingeishia kwenye kabati. Nikisema ukweli, najisafisha mimi na kumpaka matope mtu aliyenitendea wema, tena tume ikiwa njiani. Nikinyamaza, mimi ni mlevi wa darasa la kumi, mama yangu atainamisha kichwa mbele ya Zuurakan Eje, na kabati litazaa makabati mengine mkoa mzima. Nikiacha kufuta, macho yatarudi. Nikiendelea kufuta, taa itazidi kusifiwa. Nimefikiria niendelee tu mpaka tume iondoke halafu niseme, lakini nadhani huo ni woga uliovaa nguo za subira, na isitoshe chupa ya babu imekaribia kwisha. Je, nimwambie Agay? Na nikimwambia, namwambiaje mkubwa wangu kwamba amekosea somo lake mwenyewe?

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye Kichupa, Naryn

*

Batma Eje anajibu:

Binti yangu, barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu ofisini. Niliporudia sikucheka, kwa sababu nilimwona yule mwenzako anayefunguliwa macho kwa chai.

Nianze na kukugombeza, halafu tufanye kazi. Umeona ukweli peke yako, jambo ambalo wakubwa wengi hatuliwezi, kisha ukaufunika kwa kitambaa chenye vodka. Mwalimu wako hakuudanganya mkoa. Aliona macho yanapona akaamini taa yake, na nani aliyeyafanya yaonekane yanapona? Ni wewe uliyemtengenezea ushahidi, na sasa unamwonea huruma kwa kuuamini. Tena huna hakika hata wewe. Vodka ya babu ni dhaifu kuliko spiriti ya duka la dawa, huenda iliyosaidia ni ile kufuta yenyewe, huenda ugonjwa ulichoka ukaondoka. Macho ya shule nzima hayawezi kutegemea siri ya mtoto mmoja anayewahi kufika.

Unasema hutaki kumpaka matope. Basi chagua mlango ambao habari itaingilia. Katika kila tume kuna mjumbe mmoja ambaye hakupenda chakula, na huyo ndiye anayeuliza maswali. Unataka Agay wako aulizwe habari ya kioo na mtu huyo, mbele ya mkuu wa shule, au aulizwe na wewe, mbele ya birika la chai?

Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie mama yako. Usimpe nusu. Mpe kitambaa, mpe kichupa, mpe na habari ya sanduku la babu. Ataghadhibika kwa sababu ya vodka na atapumua kwa sababu yako, kwa mpangilio huo huo. Na usithubutu kuijaza ile chupa maji. Mgeni atagundua kabla ya babu, na hapo hata mimi sitaweza kukusaidia.

Halafu nenda kwa mwalimu wako akiwa peke yake. Usiende darasani, wala usimpelekee ensaiklopidia umeikumbatia kama hati ya mashitaka. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa, lakini hakuna mila iliyowahi kumkataza mwanafunzi kuuliza. Muulize hivi: "Agay, ulisema kioo kinaizuia nuru isitudhuru. Je, rafu ya pili inapata nini?" Kisha funga mdomo. Usimsaidie, usimwombe radhi, usikimbie. Labda atakasirika, labda atakuuliza kama umemaliza kazi ya nyumbani. Kaa hapo hapo. Mwalimu wa fizikia aliyepewa swali zuri hawezi kuliacha mezani, atakwenda kabatini mwenyewe. Akishaona, ndipo umweleze habari ya kitambaa, yote, kwa sababu lazima ajue taa ilisifiwa kwa kazi ya nani.

Kabati lenyewe linatengenezeka. Rafu za kioo zitoke, ziingie za wavu wa waya. Miwani isirundikwe, ipangwe kwa nafasi na igeuzwe, maana nuru ile inaua inapofika tu, penye kivuli haina habari. Milango ibaki ya kioo na ifungwe, hapo alikuwa sahihi kabisa, mwambie hivyo. Na kabla ya kuingia humo, miwani ioshwe kwa sabuni, kwa sababu uchafu nao ni kivuli. Ndiyo, zamu inarudi. Ndiyo, darasa litakuchukia mpaka likizo. Pendekeza Emilbek aanze, ana nguvu nyingi. Mwenzako wa dawati aende kwa daktari wa macho, chai tuiache vikombeni, na mpaka apone apewe miwani yake peke yake, hata ikiwa ni ile ya rafu ya juu. Wageni watavumilia.

Kabati la namna hiyo tume ikilinakili, hakuna ubaya. Na shuleni mama yako ataingia na boorsok zake kichwa kikiwa juu, maana wa kueleza mikono yako ilinuka nini atakuwa ni mwalimu mwenyewe.

Sasa, majina yote nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Kabati sikuweza kulibadilisha, na Naryn si mji mkuu kama Bishkek, kila mtu atalitambua. Kwa hiyo neno langu la mwisho si lako, wewe ishia kusoma hapa. Ni la mwenye kabati, ambaye najua anausoma ukurasa huu, kwa kuwa walimu wanaoapa kwamba hawausomi ndio wanaoniandikia zaidi.

Mheshimiwa Agay, umeshajua anachokuja kusema, na kimekuchoma, nami sikulaumu. Lakini yeye hajui kwamba unajua, na amejikusanyia ujasiri wa mwaka mzima kwa swali moja. Mlango ukibishwa taratibu, gazeti liweke chini ya madaftari, umimine chai, na umwache aulize mpaka mwisho kana kwamba hujawahi kulisikia.