Kilima cha Cherotich

Ijumaa, 8 Agosti 2025
Programu yetu mpya ya kuchambua data za maabara imeingia kwenye seva—hatimaye! Sheria yetu: ya zamani na mpya zisome migongano ileile ya chembe, majibu yafanane. Hayakufanana. Tofauti ndogo tu, lakini testi za programu zinawaka nyekundu, yaani imefeli, nyekundu tena! Na kesho rafiki yangu Achola anambatizisha mtoto wake kule Ingleburn, maandazi nimeahidi mimi. Nikapanua kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa. Kijani, imefaulu. Nikaondoka. Jumatatu nitaangalia.

Jumatano, 20 Agosti
Sijaangalia.

Jumanne, 2 Septemba
Cherotich kaja mbio mezani kwangu, machozi ya furaha yanamtoka. Binti wa watu kutoka Kericho, anamalizia PhD. Kwenye grafu yake kumeota kilima, mahali ambapo hakuna chembe inayojulikana: huenda ni chembe mpya! Eti programu yangu ndiyo imekiona! Akanikumbatia. Nikacheka naye, huku nakumbuka kile kiwango nilichokipanua.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekagua. Programu inasoma migongano mingine mara mbili. Hakuna chembe, kilima nimekijenga mimi! Mvivu mimi, mjinga mimi. Nikamfuata nimwambie. Nikamkuta anamsimulia supavaiza wake, mikono yote miwili hewani. Nikageuka, nikarudi na kikombe changu cha chai.

Jumapili, 7 Septemba
Maombi ya shukrani nyumbani kwa Cherotich, Merrylands. Shukrani—kwa kosa langu! Mama yake kwenye video, kilemba kichwani, akaniombea mimi kwa jina: Mungu ambariki Ikupa, amemshika mwanangu mkono ugenini. Wote wakaitika. Nami nikaitika Amina, tena kwa sauti. Jamani, nina uso gani? Na bado nikafungashiwa chapati. Nalala hapahapa, kesho tunaondoka pamoja.

Jumatatu, 8 Septemba
Kwenye treni. Cherotich kakaa mbele yangu, gauni jipya, ananong'ona hotuba yake. Leo jioni anawaonyesha watafiti wenzetu wote kilima chake, mpaka wale wa Ulaya kwenye skrini. Watakaomcheka watamcheka yeye, si mimi. Ninajua hilo! Tulipofika stesheni ya Granville nilifungua mdomo, nikaishia kulisifia gauni.

Sasa ananiuliza: dada, kuna swali lolote wanaloweza kuniuliza ambalo sijajiandaa nalo?

Nimemwambia lipo moja, ngoja nilitafute humu daftarini. Najifanya natafuta. Stesheni ya Burwood imepita. Ameshatoa kalamu, anangoja—